Wasomaji Wanauliza: Kutoka kushika gongo hadi kufundisha kriketi

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Hapa Tukuyu tumebishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Mwenzangu anasema kocha aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 alikuwa Mhindi aliyewahi kuichezea India. Mimi nasema alikuwa mwalimu tu, hakuwahi kucheza popote. Nani kashinda?

JIBU: Kashinda mwenzako, mwagizie chai nyingine. Kocha yule ni Sandeep Patil, mzaliwa wa Bombay, mwaka 1956. Aliichezea India mechi 29 za Testi (zile za siku tano kati ya mataifa), akafikisha mikimbio mia, yaani pointi mia za mpigaji katika zamu moja, mara nne, na alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia 1983. Katika nusu fainali ya mwaka huo dhidi ya England alitoka na 51, bila kutolewa.

Wengi humkumbuka kwa ova moja, yaani zamu ya mipira sita ya mrushaji mmoja. Mwaka 1982, uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Manchester, aliipiga mipira ya Bob Willis, mrushaji na nahodha wa England, nne sita ndani ya ova moja, yaani mapigo sita ya mikimbio minne kila moja, mpira mmoja ukiwa haramu kwa kosa la mrushaji. Sisi tunaona kuna mambo mawili mengine yanayomfaa zaidi mtu anayetaka kuwa kocha. Mapema 1981 kule Sydney alikuwa hana helmeti, na mpira wa Len Pascoe, mrushaji wa kasi wa Australia, ukampiga karibu na sikio hadi akatolewa uwanjani. Mechi iliyofuata, Adelaide, akapiga 174. Kisha Desemba 1984, baada ya mechi ya Delhi, akaachwa kikosini pamoja na Kapil Dev, nahodha wa kikosi cha 1983, kwa sababu ya mapigo ya pupa, na hakucheza Testi tena. Aliyeonja hofu ya mpira wa kasi, akaonja na kuachwa, ana la kumwambia mchezaji anayetetemeka. Aliyepiga nne tu hana.

Kabla ya Kenya aliwahi kuifundisha India yenyewe, mwaka 1996. Ile safari ya 2003 nayo isemwe yote: pointi nne zilipatikana bila jasho, kwa kuwa New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakihofia usalama. Lakini Sri Lanka walikwenda, wakafungwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya, mrushaji wa mpira wa kuzunguka, alitoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Bangladesh na Zimbabwe nao wakafuata. Kenya ilisimamishwa kwenye nusu fainali, Durban, na India, nchi ya kocha mwenyewe, kwa mikimbio 91.

Nahodha wa kikosi kile, Steve Tikolo, naye akageuka kocha, akafundisha Uganda na baadaye Tanzania.

SWALI: Nilicheza kriketi ya klabu Dar es Salaam, sasa nimehamia Mbeya kikazi. Shule jirani imeniomba nifundishe watoto 20 wa miaka 10 hadi 12. Nikiwaonyesha pigo wanashangilia, wakijaribu wao hakuna kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa ni hilo hilo la kuonyesha. Mwili wako umeshasahau ulivyojifunza, kwa hiyo unawaonyesha mwisho wa safari. Wachezaji wazuri wa zamani ndio wanaoangukia hapa zaidi, na wengine hutumia saa nzima kuwarushia watoto mipira wao wenyewe. Ni raha kwa kocha, lakini watoto 19 wanasimama tu.

Gawa makundi manne ya watoto watano. Kila kundi: mpigaji, mrushaji, mdakaji wa nyuma ya wiketi (vijiti vitatu anavyolenga mrushaji) na walinzi wawili, wabadilishane kila mipira 12. Tumia mipira ya tenisi. Umbali rasmi kati ya wiketi na wiketi ni mita 20.12, kwa umri huo weka mita 16, la sivyo watarusha juu kama wanaotungua maembe. Wiketi moja, yaani vijiti vyake vitatu kwa pamoja, ina upana wa sentimita 22.86 na kimo cha 71.1. Vijiti vilivyochomekwa kwenye debe la mchanga vinatosha.

Magongo (ya kuchezea, si ile ya kunywa) mwombe fundi seremala ayachonge kwa mbao za msonobari wa Sao Hill: sehemu ya kupigia yenye urefu wa sentimita 50, upana 9.5, unene 3, na mpini wa sentimita 20 uliochongwa kwenye ubao huo huo. Lisizidi kilo moja. Nyuzi za mbao ziende kwa urefu, zikikata upande gongo litapasuka begani, pale mpini unapoanzia. Usilipige kwa mpira wa ngozi hata kidogo, msonobari hauhimili.

Halafu chagua pa kusimama. Ukiwa nyuma ya mrushaji unaona kama gongo linashuka wima. Ukiwa ubavuni mwa mpigaji unaona kama kichwa kiko juu ya mguu wa mbele. Mpira ukipaa hovyo, mara nyingi mkono wa chini umekaba mpini. Mwambie ashike kwa vidole viwili na dole gumba. Sahihisha jambo moja kwa mtoto kwa siku. Ukitaja matatu hatalishika hata moja.

Kurusha kuna shida yake: watoto waliozoea kulenga ndege kwa mawe hukunja kiwiko. Sheria ya kimataifa inaruhusu kiwiko kunyooka hadi digrii 15 tu, tangu mkono ufike usawa wa bega hadi mpira uachiwe. Waanze wakiwa wamesimama, mkono ukizunguka kama gurudumu ukigusa sikio, ndipo uongeze hatua za kukimbia.

Cheti kianzie ngazi ya msingi ya Baraza la Kimataifa la Kriketi, ambayo husomwa mtandaoni, kisha ngazi ya kwanza.

SWALI: Shikamooni. Mwanangu wa miaka 14, hapa Iringa, anarusha kwa kasi na sasa kiuno kinamuuma upande wa kushoto. Anatumia mkono wa kulia. Nimpumzishe wiki moja?

JIBU: Marahaba. Wiki haitoshi, mama. Aache kurusha kabisa hadi aonwe na daktari wa mifupa. Maumivu ya kiuno upande ulio kinyume na mkono wa kurushia yanaweza kuwa dalili ya ufa kwenye pingili za uti wa mgongo. Mwambie daktari kuwa kijana ni mrushaji wa kasi, kwa kuwa eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi ufa mpya.

Akirudi, hesabu mipira yote, ya mazoezini pia. Mwongozo uliotumika miaka mingi England kwa miaka 14 na 15 ni ova 6 mfululizo, zisizidi 12 kwa siku. Kocha amtazame pia anapotua: mabega yakielekea pembeni huku nyonga zikielekea mbele, kiuno kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa.

SWALI: Mbona mpira mpya unapinda hewani Dar, huku Mbeya unanyooka?

JIBU: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo haina nguvu ile ya kuupinda. Mkeka unaotandikwa juu ya zege mahali pa kurushia nao unakwangua ung'avu wa mpira mapema. Lenga mshono utue wima, na walinzi wa mpakani warudi hatua tano nyuma, maana mpira uliopigwa nao unakwenda mbali zaidi.