Nusu siku Brasília, uwanja wa serikali unafaa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwezi wa nane naenda Brazil kikazi, nitapata mchana mmoja tu wa kuzunguka Brasília. Wenzangu wanasema ule uwanja wa serikali ni zege na jua basi, eti hamna kitu. Niende au nipumzike hotelini? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nenda ndugu yangu, tena usithubutu kuukosa! Huo ni Uwanja wa Mihimili Mitatu, yaani Ikulu ya kazi, Bunge na Mahakama ya Juu vimekaa vikitazamana, mji aliupanga Lucio Costa, majengo akachora Oscar Niemeyer na makao makuu yakazinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Ni kweli uko wazi sana na kivuli hamna, ila uwazi huo ndio unaokuwezesha kuyaona majengo yote kwa mkupuo. Bunge utalijua tu, minara miwili ya ghorofa 28 na pembeni mabakuli mawili, lililofunikwa kifudifudi ni Seneti na lililokaa wazi ni la wabunge.

Watu wengi wanapiga picha hapo wanaondoka, wanakosea sana. Sogea mpaka Ikulu uangalie zile nguzo nyeupe za marumaru zinavyopinda halafu zinagusa ardhi kwa ncha nyembamba, unajiuliza jengo zima limesimamaje. Afu nenda kwenye sanamu ya Bruno Giorgi, watu wawili wa shaba, mita 8, wanaiita Candangos, jina la vibarua waliojenga mji, wengi walitoka kaskazini mashariki mwa nchi. Mimi hapo ndo pananigusa kuliko pote, maana mji wenyewe haukuwapangia pa kuishi, wengi waliishia miji ya pembeni kama Taguatinga iliyoanzishwa 1958. Wewe unayeona Mtumba, mji wa serikali hapo kwenu Dodoma, ikijengwa utaelewa haraka.

Kutoka stendi kuu ni karibu kilomita 3, unapita katedrali na wizara zilizofanana zote. Agosti ni kiangazi, hewa kavu mno, midomo inapasuka, kwa hiyo beba maji na kofia na ufike kama saa tisa alasiri jua likianza kulegea. Kama unataka kuingia Bungeni, kuna ziara za bure za kuongozwa, ulizia ratiba mapema.