Mkuu, shemeji asipakie hilo kontena kabla hujashika barua ya msamaha

Mkuu, umeuliza namna ya kusajili NGO (shirika lisilo la kiserikali). Weka pembeni kwanza habari ya katiba, nembo na jina la shirika. Katika maelezo yako yote kuna sentensi moja umeipitisha harakaharaka katikati, na ndiyo iliyonifanya niache chakula mezani: "Kontena la vitanda na nguo linapakiwa wiki ijayo Minnesota, na kwa kuwa cheti cha NGO hakijatoka, shemeji ataliandikisha kwa jina langu." Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwaka 2018, karibu neno kwa neno. Yalinigharimu kiwanja cha Chanika.

Hilo kontena lisiondoke likiwa na jina lako. Na hata ukipata cheti kesho, lisiondoke mpaka barua ya msamaha wa kodi iwe mkononi mwako, imetaja jina la shirika na vitu vyenyewe kwa idadi. Usikubali kuambiwa "imeshaombwa" wala "iko kwenye mchakato". Uishike mkononi.

Kaka yangu yuko Houston, Marekani. Kanisa analosali lilikusanya vitu kwa ajili ya zahanati ya kijijini kwetu, mkoa wa Njombe: vitanda 24 vya hospitali, viti vya magurudumu 18, maboksi ya nguo, mablanketi na vitabu vya shule. Wale watu walikuwa na moyo. Wazee wa miaka sabini walipakia kwa mikono yao Jumamosi mbili mfululizo, na nauli ya meli wakalipa wao. Huku nyumbani kijiji kilichanga shilingi milioni moja na laki nane za lori la kutoka Dar. Kuna bibi aliuza kuku wawili ili jina lake lisikose kwenye daftari. Nayasema haya ujue ni imani za watu wangapi nilikuwa nimezibeba.

Usajili wetu ulikuwa bado, kama wako. Nikamuuliza wakala wa forodha niliyeelekezwa na rafiki. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, vitu vya msaada havina kodi. Waandike kwamba ni zawadi, thamani waweke sifuri, jina weka la kwako, mengine niachie. Milioni tatu na nusu, mzigo uko nje ya geti." Nilimwamini kwa sababu alikuwa na ofisi, ana mhuri, na alitaja vifungu vya sheria haraka kuliko ninavyotaja majina ya wanangu. Na msije na ile ya "ungesoma sheria mwenyewe". Ukilipa mtaalamu, unalipia asome yeye.

Sasa sikiliza kinachotokea mzigo ukifika. Forodha wanatazama BL, ile hati ya meli inayosema mzigo ni wa nani. Msamaha hutolewa kwa mpokeaji anayetajwa na kwa vitu vinavyotajwa, kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Tano linaloorodhesha nani na nini kinasamehewa. Boksi kuandikwa "zawadi" hakumo humo. Mtu binafsi anayeingiza vitanda 24 anahesabiwa kama mwingizaji mwingine yeyote. Ile thamani sifuri nayo haisaidii kitu, maana wana njia zao za kukadiria thamani ya bidhaa isiyo na ankara inayoeleweka. Nguo za mitumba zina ushuru wa 35%. Juu yake ipo VAT ya 18%, tozo ya reli, na ada ya kuchakata mzigo.

Na cheti cha NGO chenyewe si msamaha. Hapa wengi wanaangukia, hata wenye mashirika ya miaka mingi. Cheti cha Msajili, chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya mwaka 2002, kinakupa uhai wa kisheria, basi. Kutambuliwa kuwa shirika la hisani kwenye kodi ya mapato ni ombi jingine kwa Kamishna wa TRA (mamlaka ya mapato). Kusamehewa kodi ya mzigo unaoingia ni ombi la tatu, na hilo lina nyaraka zake: barua ya zawadi kutoka kwa mtoaji, orodha kamili ya vitu, thamani, na barua ya wizara inayohusika kwamba vitu hivyo vinahitajika na vinakwenda wapi. Ni milango mitatu, na kila mmoja una foleni yake.

Meli yetu ilitia nanga mimi nikiwa sijagonga hata mmoja wa milango hiyo.

Kuanzia hapo zinaanza kusoma mita mbili, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni mbili. Moja ni ya kuhifadhi mzigo, bandarini au bandari kavu (yadi ya kontena nje ya bandari). Nyingine ni ya kampuni ya meli, kwa sababu kontena lenyewe ni mali yao na wanalitaka. Kila moja ina siku chache za bure, kisha inaanza kusoma, na kadiri unavyochelewa ndivyo bei ya siku inavyopanda. Jumapili inahesabiwa, na Idi na Krismasi pia. Sheria nayo inakutaka uwasilishe kadhia (tamko la mzigo kwa forodha) ndani ya siku 21. Ukizidi kulala, mzigo unaweza kuhamishiwa ghala la forodha, ukatangazwa, ukapigwa mnada.

Nikajaribu kubadili jina kwenye BL liwe la shirika. Kampuni ya meli ikataka nakala halisi zote zirudishwe pamoja na barua ya mtumaji. Nakala mbili zilikuwa kwa kaka, Houston. Zikasafirishwa. Kisha ikabidi taarifa za mzigo zirekebishwe na upande wa forodha. Cheti cha NGO kikatoka siku ya 40 tangu meli itie nanga. Nikaanza kufuatilia barua ya wizara, huku wakala wangu akiwa amebadilisha wimbo: "Unajua kaka, kesi yako ni ya kipekee." Ilikuwaje ya kipekee, wakati mwanzoni alisema anafanya kama hizi kila mwezi?

Siku ya 52 nilikaa na kalamu kwenye benchi nje ya ofisi yake. Mita mbili kwa pamoja zilikuwa zinanila karibu laki mbili na nusu kwa siku. Mwezi mmoja zaidi wa kusubiri msamaha ni milioni saba na nusu, na jibu linaweza kuwa hapana. Kodi nzima, nikilipa kama mtu binafsi, ilikuwa milioni 8.6. Nikampigia mke wangu. Hakunilaumu, aliniuliza tu, "Hati ya kiwanja uliiweka wapi?"

Haikuishia hapo. Siku ya ukaguzi afisa alikata lakiri, milango ikafunguka, ikatoka harufu ya nguo zilizokaa baharini wiki nyingi. Akavuta boksi lililoandikwa mablanketi. Blanketi la juu, la pili, na chini yake katoni za dawa: vidonge vya maumivu na vitamini, zimepangwa vizuri na kufungwa utepe. Kuna mama mmoja kule kanisani aliona ni vyema akiziongeza, kwa upendo wake, bila kumwambia mtu. Hazikuwa kwenye orodha, hazikuwa na kibali cha mamlaka ya dawa (wakati huo TFDA, leo TMDA), na zilibakiza miezi minne kuisha muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja. Ziliteketezwa, na gharama ya kuziteketeza ni ya mwenye mzigo. Baadhi ya maboksi ya nguo nayo yalitolewa kwa sababu yalichanganywa na nguo za ndani, ambazo za mtumba TBS (shirika la viwango) hairuhusu.

Mzigo ulitoka siku ya 71. Kodi milioni 8.6, bandari kavu milioni 6.1, kampuni ya meli milioni 7.9, na wakala, ukaguzi, uteketezaji na lori lililosubiri bure milioni 4.8. Jumla milioni 27 na laki nne. Ile milioni na laki nane ya kijiji, pamoja na kuku wa bibi, ilikwisha kabla lori halijafika Chalinze.

Tukafika. Watu wakaimba, wakashusha. Muuguzi akachagua kitanda kizuri kuliko vyote, chenye rimoti ya kuinua kichwa, akakichomeka kwenye soketi. Kilinguruma sekunde mbili, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Fundi kutoka Makambako akalala chini na tochi, akasoma kibati kilichogongomelewa kwenye fremu: 120V, 60Hz. Umeme wetu ni 230V. Vitanda 15 kati ya 24 vilikuwa vya namna hiyo. Leo akina mama wanalala juu yake kama vitanda vya kawaida, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kichwa hakijawahi kuinuka.

Mwaka uliofuata nilipita Gerezani, nikamuuliza fundi wa vyuma kitanda cha hospitali cha kuzungusha kwa mkono ni bei gani. Laki nne na nusu, na kikiharibika anakuja mwenyewe. Piga hesabu: kwa fedha niliyomwaga bandarini peke yake ningepata vitanda 60. Nilisimama pale kwenye cheche za welding nikaona machozi yananilenga, na fundi akadhani ni moshi.

Yule wakala bado ana ofisi. Bado anawaambia watu kwamba msaada hauna kodi, na nina hakika wiki hii kuna kikundi cha akina mama au cha kanisa kinamtumia fedha. Watu wa namna hii wananiuma kuliko vibaka. Kibaka anachukua simu, huyu anachukua imani ya kijiji kizima, kisha kijiji kinabaki kinajiuliza kama mimi ndiye niliyekula.

Umeuliza pia idadi ya wanachama waanzilishi na akaunti ya benki. Hayo utajibiwa vizuri na ofisi ya Msajili au afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yako, na hayana mita inayosoma. Kontena linayo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie shemeji vitu vibaki kwenye ghala la kanisa. Pango la ghala kule, hata liwe la miezi sita, pengine halifiki mita za wiki mbili za hapa. Waombe waorodheshe kila boksi, wafungue hata yale ya mablanketi, watoe dawa na nguo za ndani, na wapige picha kibati cha kila kifaa cha umeme. Orodha hiyo uipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, akate asichokihitaji. Iliyobaki ndiyo uombee msamaha, kwa jina la shirika lililokwisha kusajiliwa.

Mpigie sasa hivi, mkuu. Huku ni saa mbili usiku, Minnesota bado ni mchana, na nauli ya meli pengine hawajailipa.