Barua kwa mwanangu: umeme ukirudi, anza na pasi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini unakaa kwenye mashine ya kushona kutoka asubuhi mpaka giza, hapo nyumbani Katuba, Lubumbashi, halafu jioni ukihesabu unakuta nguo moja imekwisha na nne zimeanzwa. Umeuliza tena kama ununue betri na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa plagi, au uongeze mashine ya tatu. Mashine ya tatu achana nayo kwanza. Kwa jinsi ulivyonieleza, mikono yako iko haraka vya kutosha. Nguo zako zinakwama, na karibu zote zinakwama kwenye pasi.

Fuata blausi moja tangu mwanzo. Inakatwa, kola inabandikwa kitambaa chake kigumu cha ndani, mabega yanaungwa na kupigwa pasi, mikono inapachikwa, mishono inapigwa pasi tena, kingo zinapita overloki, mashine ya kuzungushia uzi kingo zisichanuke, vinafuata vifungo, kisha pasi ya mwisho. Kuunga kwenyewe, mashine ya miguu inatosha, umeme uwepo usiwepo. Pasi ya umeme na overloki ndizo zinazongoja umeme. Sasa wewe, umeme ukirudi, unakimbilia mashine ya mota kwa sababu ina mwendo. Unaunga masaa mawili, umeme unaondoka, na mbele yako kuna rundo la vipande visivyopigwa pasi ambavyo huwezi kuviendeleza. Delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu, ya masaa machache imekushika siku nzima.

Kwa hiyo umeme ukirudi, anza na pasi. Subiri kama dakika tano kwanza, maana mara nyingi unarudi haujatulia na kukatika tena, jambo linaloumiza mota. Kisha bandika vitambaa vya kola na vya mikanda vya nguo zote za juma kwa mara moja. Kibandiko hicho kinataka ubonyeze pasi mahali pamoja sekunde 10 hadi 15, uinyanyue, ndipo usogee pengine. Ukiisugua huku na huku gundi inahama, na nguo ikifuliwa mara mbili tatu kola inatoa mapovu. Acha kipande kipoe kikiwa kimelala. Baada ya hapo piga mishono yote iliyokuwa inangoja, halafu overloki, na mashine ya mota iwe ya mwisho.

Pasi ya makala, yaani ya makaa, iwe ya kunyoosha vitambaa kabla ya kukata na ya pindo ndefu. Moto wake haulingani pande zote, kwa hiyo kola usiipe. Weka kila mara kitambaa chenye unyevu kati yake na nguo, zaidi kwenye nyeupe, kwa sababu cheche moja au jivu likidondoka umeshanunua kitambaa cha watu.

Umeme ukikatika ukiwa katikati ya kupiga pasi, chomoa plagi kabla hujafanya kitu kingine chochote. Nakuomba hili uliweke moyoni: pasi iliyosahauliwa juu ya meza, umeme ukirudi usiku watu wamelala, inachoma nyumba. Mvua zikianza, tangu Novemba mpaka Machi, chomoa na mashine radi zinapokaribia.

Sasa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi na asidi, usiitumie kupita nusu, la sivyo itakufa mapema, zinabaki 600. Inverta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo hesabu 500 zinazofika kwenye plagi. Mashine ya nyumbani yenye mota ya wati 100 itashona masaa matano mfululizo kwa hizo, na kwa kuwa mota inakula tu unapokanyaga, utavuka mchana mzima. Taa ya LED ya wati 9 haitikisi hesabu. Lakini pasi ya wati 1,200 ingezimaliza kwa dakika 25, na inverta ndogo itazima hata kabla. Jenereta ndogo ya kubeba kwa mkono nayo haiiwezi pasi hiyo. Ukiamua kuitumia kwa mashine, iweke nje kabisa, mbali na dirisha na mlango, maana moshi wake unaua watu bila kuwaonya. Betri basi itakusaidia, ila haitaondoa kazi ya kupanga pasi.

Jambo la pili ni kukata. Kukata nguo moja, kuishona, halafu kukata nyingine kunakula muda mwingi kuliko unavyodhani: meza inasafishwa upya, uzi unabadilishwa, sindano inabadilishwa. Chagua siku mbili, tuseme Jumatatu na Alhamisi, ukate asubuhi wakati mwanga ni mzuri, nguo nne au tano pamoja. Kitenge kipya kiloweshe na kukianika kabla, kwa sababu pamba inarudi ndani, na blausi iliyokaa vizuri kwenye kipimo itabana baada ya kufuliwa. Pima kitambaa mbele ya mwenye nacho: yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na kama maua ni makubwa yanayotakiwa kukutana katikati ya kifua, kitambaa kinaliwa zaidi. Aambiwe hapo hapo. Mishono ya ubavu iachie sentimita 2 na nusu ili uweze kupanua, mingine moja na nusu inatosha, pindo la chini 4.

Kila nguo iliyokatwa iingie katika mfuko wake pamoja na zipu, vifungo, uzi wa rangi yake na karatasi ya vipimo. Mfuko usiokamilika usiusogeze kwenye mashine. Ukianza nguo isiyo na zipu, utavaa viatu kwenda kuitafuta kwenye soko la mtaa wa Kenya, na asubuhi imekwenda. Jaza bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, sita au nane kabla ya kukaa. Vitenge shona na sindano namba 80 au 90, jinzi 100, na ubadilishe sindano baada ya masaa nane hivi ya kushona. Mashine inayoruka nyuzi, mara nyingi inalilia sindano, na watu wanaipeleka kwa fundi bure. Mafuta yawe ya mashine. Ya kupikia yanaganda kama gundi.

Wateja nao wanavunja siku. Usipokee kila anayepita. Tangaza siku za vipimo na za kujaribisha, Jumatano na Jumamosi baada ya mchana, na sauti za WhatsApp zisikilize mchana na jioni tu. Kila mtindo omba picha ya mbele na ya nyuma. Nusu ya bei ilipwe kabla mkasi haujagusa kitambaa, na bei uiandike kwa sarafu moja, dola au franka, maana kiwango kinahama kati ya siku ya kuagiza na siku ya kuchukua. Noti ya dola iliyochanika usiipokee. Sokoni hawataipokea kwako.

Usiahidi kwa kuona huruma. Weka masaa kwa kila nguo: sketi nyepesi mawili, blausi yenye mikono ya urembo matano, gauni lenye bitana saba. Kama juma lako lina masaa 36 ya kazi, ahidi 27 tu. Hapo linaingia gauni moja, blausi mbili na sketi tatu, na yanabaki masaa manne ya marekebisho. Yale tisa mengine ni ya umeme, ya mtoto mwenye homa na ya msiba, ambavyo havikosekani. Tarehe unayompa mteja iwe ya kujaribisha, siku tatu kabla ya sherehe yake.

Kwa watu wa lupango, wa uani kwenu, ongea nao vizuri, kwanza na bwana yako, halafu na ba mama majirani: mgeni anakaribishwa barazani, chumba cha kazi hakina viti vya kuongelea. Wakijua saa unazotoka, watakuja saa hizo. Nguo za watu zikae ndani ya kabati linalofungwa, mbali na mbabula, jiko la makala. Harufu ya makayabu, samaki wa chumvi, ikiingia kwenye kitambaa haitoki kwa pasi. Pini zihesabu jioni, watoto wanatambaa hapo, na sumaku ya spika ya zamani inaokota zilizoanguka.

Tazama na mwaka ulivyo. Vitenge vya 8 Machi funga kuvipokea kufikia tarehe 20 Februari, hata anayeomba awe shangazi. Mashati meupe na vitambaa vya bluu vya shule anza kukata Julai, bila kungoja maagizo, kwa vipimo vya kawaida, tabaka nne kwa mkasi mmoja mkali; wazazi wataanza kugonga mlango mwisho wa Agosti. Kiangazi kina vumbi jekundu, kwa hiyo meupe yafunikwe na shuka mchana kutwa.

Kabla ya kununua betri, soma kibati kwenye mota ya mashine yako kubwa na uniandikie wati zake. Kama ni mota ya klachi ya wati 400, inazunguka na kula hata usipokanyaga, na betri moja haitakufikisha jioni. Hapo pesa ya betri ya pili afadhali inunue mota ya servo, inayokula unaposhona tu. Nitakujibu hesabu yake siku hiyo hiyo.

Mama yako