Faili likikua mara mbili, mbona muda unakua mara nne?

Swali: Faili langu la XML la MB 10 linageuzwa kwa sekunde 15. La MB 20 linakula dakika nzima. Ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi?

Usinunue bado. Data imeongezeka mara mbili, muda mara nne: hiyo ni dalili kwamba XSLT yako (maelekezo ya kugeuza XML kuwa muundo mwingine) inarudia kupekua hati nzima kwa kila kitu inachokuta. Ifungue, uanze kusaka mikwaju miwili (`//`). Mara nyingi nakuta kitu kama hiki ndani ya kiolezo (template, sehemu ya XSLT inayoshughulikia aina moja ya elementi) cha ankara:

`//bidhaa[@namba = current()/@bidhaa]`

Maana yake, kwa kila ankara, pita hati yote toka juu hadi chini. Ankara 30,000 zikitafuta kati ya bidhaa 10,000, tayari ni ulinganisho milioni 300. Badala yake tangaza ufunguo mara moja, nje ya violezo vyote:

`<xsl:key name="kwa-namba" match="bidhaa" use="@namba"/>`

Kisha ndani ya kiolezo andika `key('kwa-namba', @bidhaa)`. Prosesa, yaani programu inayotekeleza XSLT, itajenga faharasa mara moja tu, na baada ya hapo kila utafutaji ni wa papo kwa papo. Ufunguo umekuwepo tangu XSLT 1.0 ya mwaka 1999, kwa hiyo hata prosesa kongwe inauelewa. Zipo prosesa zinazojitengenezea faharasa zenyewe, lakini usizitegemee. Siku ukihamia nyingine utarudi palepale.

Swali: Hayo nimeshafanya, bado jedwali la safu 50,000 linasuasua. Nahesabu safu kwa `count(preceding-sibling::safu) + 1`.

Ndipo penyewe. Safu ya mwisho inahesabu wenzake 49,999, iliyotangulia 49,998, na kuendelea hivyo. Jumla ni kama bilioni 1.25. Tumia `position()`, inayotoa nafasi ya safu bila kuhesabu upya. Ila hakikisha umeita `<xsl:apply-templates select="safu"/>`. Ukiacha `select`, nafasi tupu kati ya elementi nazo huhesabiwa, na namba zitatoka 2, 4, 6.

Swali: Hata faili dogo husubiri sekunde kadhaa kabla ya kuanza. Bila intaneti, linakwama kabisa.

Angalia mstari wa `DOCTYPE`. Prosesa inakwenda kuchukua DTD (faili la kanuni za muundo wa hati) mtandaoni kila mara. Mwaka 2008 W3C, shirika la viwango vya wavuti, walieleza kwamba walikuwa wakipokea maombi ya aina hiyo hadi milioni 130 kwa siku, na seva zao zikaja kuchelewesha majibu makusudi. Weka nakala ya DTD kwenye mashine yako na uielekeze kwa katalogi (faili linaloiambia prosesa nakala iko wapi). Ukizima tu usomaji wa DTD kwa `--novalid` ya prosesa ya xsltproc, alama kama `&nbsp;` zinaweza kukosa maana.

Swali: Faili la GB 3 linamaliza RAM.

Prosesa za kawaida hujenga mti mzima kwenye kumbukumbu, nao huweza kuwa mkubwa mara kadhaa kuliko faili lenyewe. XSLT 3.0 ya 2017 ina usomaji wa mkondo (kusoma faili kidogo kidogo bila kulipakia lote), `<xsl:mode streamable="yes"/>`, lakini humo huwezi kurudi nyuma ulikopita, na kwa prosesa ya Saxon unahitaji toleo la kulipia. Kama rekodi zako hazitegemeani, mimi ningelikata faili vipande kwanza.

Swali: Nitajuaje kiolezo kipi kinachelewesha?

Pima, usikisie. Kwa xsltproc ongeza `--profile`. Kwa Saxon, `-TP:ripoti.html`. Anza na kiolezo kilichoitwa mara nyingi kupita ulivyotarajia.