Aligeta kwenye bwawa la nyuma ya nyumba: aogopwe au aachwe?

Swali la wiki hii: jamaa zetu waliohamia Florida wanasema mabwawa yaliyo nyuma ya nyumba zao yana mamba, na majirani wanapita kando kama hawaoni kitu. Je, huyo ni mamba kweli, na mtu aishi naye vipi?

Ni wa ukoo mmoja na mamba, lakini si huyu wetu wa Rufiji na Ziwa Victoria. Anaitwa aligeta, na Florida wapo takriban milioni 1.3, katika kaunti zote 67. Kwa hiyo kutafuta mtaa usio na aligeta kabisa ni kujisumbua. La kuuliza ni kwamba huyu wa bwawani kwenu ana urefu gani, na kuna nani anayemlisha.

Kumtambua si kazi. Domo la aligeta ni pana na limeviringa kwa mbele kama koleo, na akilifunga, meno ya chini hufichika. Domo la mamba wa Nile ni jembamba zaidi, na jino la nne la chini huonekana nje hata akiwa amefunga. Aligeta ni mweusi mweusi, naye hapendi maji ya chumvi. Jike ni nadra kupita meta 3. Kusini kabisa mwa Florida yupo pia mamba wa kweli wa Kimarekani, ila ni wachache na wako zaidi pwani.

Tofauti kubwa ni tabia. Mamba wa Nile mkubwa humwona mtu aliyeinama kuchota maji kama anavyomwona swala, na Afrika huua watu kwa mamia kila mwaka. Aligeta asiyezoeshwa humkwepa mtu mzima. Florida ina watu zaidi ya milioni 20, na wanaoumwa bila kumchokoza kiasi cha kuhitaji daktari ni wastani wa watu 8 hivi kwa mwaka. Ndiyo sababu jirani anapita na kikombe chake cha kahawa. Si ushujaa.

Kwa nini kila bwawa? Florida ni tambarare na maji ya ardhini yako karibu. Mjenzi anayetaka kuinua viwanja huchimba udongo papo hapo, na shimo linageuka bwawa la kupokea maji ya mvua ili mtaa usifurike. Baada ya muda kuna samaki, kasa na bata ndani yake, na aligeta naye anafika kwa miguu, usiku. Kuanzia Aprili hadi Juni, msimu wa kupandana, madume huhamahama sana, na huo ndio wakati wanapokutwa kwenye gereji, chini ya magari na ndani ya mabwawa ya kuogelea. Ukimwondoa mmoja, nafasi yake haikai wazi muda mrefu. Mnyama huyu aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1967 kwa sababu ya uwindaji wa ngozi, akalindwa, na kufikia 1987 akatangazwa amepona. Leo tatizo si uchache wake.

Sasa kipimo. Mtazame akiwa anaelea, kichwa tu kikionekana, ukadirie umbali kutoka macho hadi matundu ya pua kwa inchi. Kila inchi moja ni kama futi moja ya mwili mzima. Inchi 8 ni aligeta wa futi 8, yaani karibu meta 2.4. Kipimo hiki kina faida yake, kwa kuwa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo, FWC, humhesabu kuwa msumbufu aligeta anayefika futi 4 (meta 1.2) iwapo anatishia watu, wanyama wa kufugwa au mali. Simu yao ni 866-392-4286. Aliyeingia gereji au bwawa la kuogelea, hata akiwa mdogo, wapigie pia. Usimguse, usimfukuze kwa fagio, wala usimfunge kamba. Kumuua au kumkamata bila kibali ni kosa la jinai.

Lakini kabla ya kupiga simu, jua kinachofuata. Anakuja mtegaji mwenye mkataba na jimbo. Aligeta mkubwa kwa kawaida hapelekwi mbali akaachiwa, maana hujaribu kurudi alikotoka, akivuka barabara na mabwawa ya wengine njiani. Huuawa, na sehemu kubwa ya malipo ya mtegaji hutokana na ngozi na nyama. Basi aligeta anayeota jua ng'ambo ya bwawa akiwa ameachama hajakosa lolote: kuachama ni namna yake ya kurekebisha joto la mwili. Wa kuripotiwa ni yule anayekuja upande wako unaposogea ukingoni.

Na huyo ana historia. Kuna mtu alimtupia mkate, au alitengenezea samaki kwenye gati akatupa matumbo majini, au alilisha bata na kasa huku aligeta akitazama. Aligeta hajifunzi kumpenda mtu. Anajifunza kwamba kivuli cha mtu ukingoni ni chakula, na somo hilo halifutiki kwa sababu tu aliyemlisha kahama. Atakayelipa ni mtoto wa mpangaji mwingine. Kumlisha ni marufuku kisheria, na kwa maoni yangu mtaa ungefaidika zaidi kumripoti anayelisha kuliko kumripoti mnyama. Takataka za samaki ziende kwenye pipa lenye mfuniko.

Mbwa ndiye anayewaponza wengi. Kwa ukubwa na mwendo anafanana na mawindo ya kawaida, na kubweka kwake ukingoni ni mwaliko. Afungwe kamba fupi, asinywe maji ya bwawa, na mtu asitembee naye karibu na ukingo kuanzia machweo hadi alfajiri, saa ambazo aligeta huwinda. Watu wazima wakae angalau meta 3 kutoka majini. Mtoto mdogo ashikwe mkono, hata kama maji yanaonekana matupu. Mnyama wa meta 2 hujificha kwenye kina cha magotini. Kuogelea ni mchana tu, tena mahali palipotengwa. Uzio wa wavu husaidia, ila usiutegemee peke yake, kwa sababu aligeta hupanda.

Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai jike hukusanya majani na matope, akafanya kichuguu karibu na maji na kutaga mayai 30 hadi 45 hivi. Huanguliwa baada ya siku 60 hadi 65, kwa hiyo Agosti ukiona vitoto vyeusi vyenye mistari ya njano vikilia, ondoka polepole. Mama yupo karibu, na akianza kutoa sauti kama tairi linalopungua upepo, umeshakaribia kupita kiasi.

Akikufuata nchi kavu, kimbia moja kwa moja. Ile hadithi ya kukimbia kwa kuzigizaga ipuuze, inapoteza muda. Aligeta huchoka baada ya hatua chache. Akikushika, pigana: piga pua, chokoa macho. Jeraha hata likiwa dogo lipelekwe hospitali, maana mdomo wake una bakteria wabaya.

Waswahili husema katika msafara wa mamba kenge nao wamo. Huko Cape Coral, Florida, ni kweli kabisa: kenge wa Nile, waliotoka Afrika kupitia biashara ya wanyama wa kufugwa, wameshazaliana mjini humo.

Neno kwa wanaorudi likizo na watoto waliozoea aligeta: desturi za Florida ziacheni Florida. Kwenye Rufiji, Ruvuma au Ziwa Victoria, meta 3 kutoka ukingoni si kinga, na mamba asiyewahi kulishwa na mtu naye hushambulia. Kando ya Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda, kuna mahali palipojengwa vizimba vya chuma majini ili watu wachote na kufua ndani yake. Wenyeji wakikuonyesha kizimba, chota humo, hata kama ni ndoo moja.