Polisi kata mwenzangu, nenda mwaloni siku za mbalamwezi

Nilipopangiwa kata hapa Kigoma mjini mkutano wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Niliitisha saa nne asubuhi kuongelea vijana wanaorubuniwa kujiunga na vikundi vya itikadi kali, nimevaa sare, pembeni mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, wakaja wazee na kina mama wachache, kijana hata mmoja hakuna. Mzee mmoja wa mwalo wa Kibirizi, pale boti za wavuvi zinapoegeshwa, ndo akaniambia afande, saa nne wavuvi wa dagaa wamelala, wamekesha ziwani na taa, njoo mbalamwezi hapo hawaingii majini wanashona nyavu utawakuta wote.

Nikaenda bila sare ila kila niliyemsalimia nilimwambia mimi ni askari, sababu ukienda kimyakimya na nguo za nyumbani watakuita shushushu na hapo umeisha. Sikuanza na ugaidi, tuliongea wizi wa injini za boti siku mbili nzima. Siku ya tatu kijana mmoja mwenyewe akauliza ya Kibiti kule Pwani, kwamba Aprili 2017 wameuawa askari 8 kwa siku moja na viongozi wa vijiji wakawa wanapigwa risasi, inakuwaje wenyeji wasiseme? Nikamjibu ninavyoamini, kwamba mtu anayeogopa wauaji usiku, na mchana anaogopa kukamatwa yeye akija kutoa taarifa, huyo atanyamaza.

Halafu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa, uvuvi ukasimamishwa Mei 15 mpaka Agosti 15, vijana wapo tu vijiweni. Ndo akaja mama mmoja wa Ujiji. Mwanae ana miaka 19, kaacha kuswali msikiti aliokulia anasema imamu wake kafiri, mjomba wake hamsalimii, na sasa kapata kazi ya uvuvi kusini, nauli kalipiwa, ila ukimuuliza tajiri wako nani hamjui hata jina. Mimi nikisikia hivyo nakumbuka Cabo Delgado kule Msumbiji, vita vya wenye itikadi kali tangu 2017, na kijiji cha Kitaya Mtwara kilivyovamiwa Oktoba 2020, siwezi kusema ni kazi tu.

Hapo ndo naomba mnisikilize vizuri wenzangu. Kabla mama hajaendelea nilimwambia ukweli, kama kijana kashafanya kosa au kuna silaha mimi siwezi kuficha, kama bado anashawishiwa tu tutamrudisha nyumbani. Alilia kwanza, akanyamaza kama dakika kumi, nikamwacha, kisha akasema yote. Sikupeleka difenda, gari la polisi, mtaani kwake, difenda ikisimama mlangoni mtaa mzima unajua na yule kijana anaondoka usiku huohuo. Nilimtafuta ustaadhi aliyemfundisha madrasa tangu mdogo pamoja na yule mjomba, wakakaa nae jioni tatu, mimi sikuwepo kabisa. Hoja za dini akajibiwa na mwenye elimu ya dini maana mimi sina, na mjomba akamtafutia kibarua cha kubeba mizigo sokoni mpaka ziwa lifunguliwe. Hakusafiri.

Kitu kingine, usizunguke misikitini tu na mada hii kila Ijumaa, waumini watajiona wote washukiwa na watakuwa na haki ya kukasirika. Pita makanisani, kwa bodaboda, shuleni, ongea ulevi, ongea ukatili wa majumbani, watu wakuzoee kwa shida zao zote.

Na siri ya mtu itunze. Miezi miwili baadae alikuja mama mwingine simjui, mwanae hajabadilika chochote, ila kaandika kwenye kikaratasi namba ya simu iliyompigia kumwahidi kazi hiyohiyo ya kusini. Nikamuuliza nani kakuelekeza kwangu, akasema yule wa Ujiji.