Kikundi cha kuacha pombe, bila mtaa kujua

Mdogo wangu, umeuliza pa kupata kikundi cha kuacha pombe hapa Dar bila majirani zako wa Mbagala kujua. Kwanza nikuulize: asubuhi mikono inatetemeka mpaka upige moja? Kama ndiyo, usikate ghafla peke yako, mtu anaweza kuanguka na kifafa, hata kufa. Anzia hospitali ya Muhimbili, idara ya afya ya akili, na hukohuko uwaulize vikundi vinavyokutana sasa.

Kuhusu aibu, punguza hofu. Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, walioanzia Marekani mwaka 1935, hutumia jina la kwanza tu, hawana kiingilio, na sharti lao ni moja: uwe unataka kuacha. Kikapu cha mchango kikikufikia na huna kitu, kipitishe kwa mwenzako. Ukiombwa kuzungumza, sema "leo nasikiliza", inatosha kabisa. Mimi ningechagua kikundi cha mbali na nyumbani, hata kama ni daladala mbili. Cha kwanza kisipokukaa, jaribu kingine. Na ukitoka jioni, usipite njia ya grosari unayonywea. Wale jamaa watakuita tu.